UZI: Nimezibuliwa mshipa wa moyo, sasa nanyanyua uzito mara tatu kwa wiki. Karibuni mlioambiwa "usibebe kitu tena"

#1 SeremalaKeko

Wakuu, salamu. Miaka yote nimekuwa msomaji tu humu. Leo naandika kwa sababu Jumapili nilikwenda kumjulia hali jirani aliyewekewa stenti (kijibomba cha wavu kinachoacha mshipa wa moyo wazi) wiki tano zilizopita. Nilimkuta amelala saa tano ya mchana, mapazia yamefungwa, mkewe anamshikia kikombe cha chai. Hana maumivu, hana homa. Ndugu wamemwambia moyo wake sasa ni yai. Nilirudi nyumbani nikakosa usingizi, maana mimi nilikaa hivyohivyo na nusura nipoteze kazi yangu.

Mimi ni seremala, nina miaka 54, natengeneza vitanda na makabati Keko. Mwaka jana nilianza kubanwa kifua kila nikibeba mbao kutoka barabarani hadi karakana. Nikipumzika, kinaachia. Nikadhani vidonda vya tumbo, nikanywa dawa za tumbo miezi mitatu. Siku moja maumivu yakapanda hadi kwenye taya, kijana wangu akanikimbiza hospitali. Kipimo cha katheta (mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa hadi kwenye moyo) kikaonyesha mshipa wa mbele wa moyo umeziba asilimia 90. Wakapitisha waya kwenye kifundo cha mkono wa kulia, wakapuliza puto ndani ya mshipa, wakaacha stenti moja. Nilikuwa macho muda wote, nauona moyo wangu kwenye skrini. Kesho yake nikaruhusiwa.

Karatasi ya kuruhusiwa ilisema nisinyanyue kitu kizito kwa mkono ule kwa wiki moja. Nyumbani hiyo wiki moja ikageuka kuwa amri ya maisha. Mke wangu alificha ndoo. Kijana akachukua randa na msumeno. Wateja wakija wananisalimia kwa sauti ya msibani. Wananipenda, silaumu mtu. Lakini wiki ya sita nilishindwa kuinuka kwenye mkeka bila kushika ukuta. Mapaja yamekonda, suruali inazunguka kiunoni. Mshipa ulikuwa wazi, ila mwili uliobaki ulikuwa unazimika.

Kliniki nikapelekwa kwa dada mmoja wa fiziotherapia. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Mzee, kazi yako nini?" Nikamwambia. Akasema, "Basi kutembea peke yake hakutakurudisha kazini. Ubao hautembei, ubao unabebwa."

Akanipima presha, akanitembeza, akasoma majibu yangu yote, akaongea na daktari wa moyo. Ndipo tukaanza. Dumu la lita tano lililojazwa nusu, yaani kilo mbili na nusu. Nikalicheka moyoni. Mara ya kumi na mbili mkono ulikuwa unatetemeka.

Ninachofanya sasa, mwezi wa saba tangu niwekewe stenti: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Natembea dakika kumi taratibu mpaka mwili upate joto. Kisha nakaa na kuinuka kwenye kiti mikono ikiwa kifuani. Nasukuma ukuta. Navuta tyubu ya baiskeli niliyoifunga kwenye nguzo ya karakana, kama mtu anayepiga kasia. Nainua dumu kutoka chini hadi kwenye meza ya kazi, magoti yakikunjika na mgongo umenyooka. Nasimama kwa vidole. Kila moja mara 10 hadi 15, napumzika, narudia. Namaliza kwa kutembea tena taratibu mpaka mapigo yatulie. Haifiki dakika 45 yote.

Wiki iliyopita nimebeba ubao wangu mwenyewe kutoka barabarani. Kifua kimya. Naomba wenye uzoefu na wataalamu mchangie, na mniambie nilipokosea, maana nataka nikirudi kwa jirani niende na maneno ya uhakika.

#2 MamaNdizi_Mabibo

Pole kaka, na hongera. Nina miaka 49, stenti mbili, mwezi wa pili sasa. Nauza ndizi pale soko la Mahakama ya Ndizi. Mkungu mmoja mkubwa unafika kilo 30. Nilipouliza mazoezi niliambiwa "tembea mama". Mimi natembea tangu saa kumi alfajiri! Hakuna aliyenitajia uzito hata siku moja, nadhani kwa kuwa ni mwanamke.

Nina maswali mawili. Kubeba kwangu mizigo si ndiyo mazoezi hayohayo? Na hii stenti haiwezi kuchomoka nikinyanyua? Nikiinua mkono juu nahisi kama naivuta.

#3 FizioMwenge

Mama, asante kwa kuuliza. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia na wagonjwa wa moyo ndio wangu wa kila siku. Nitajibu kwa kirefu.

Nianze na kuchomoka. Stenti ni kijibomba cha wavu wa chuma. Inaingia ikiwa imekunjwa juu ya puto, na puto likipulizwa wavu unatanuka na kugandamizwa kwenye ukuta wa mshipa. Presha ya kupulizia mara nyingi inazidi angahewa 10. Tairi la gari dogo lina kama 2 tu. Halafu wiki na miezi inayofuata ukuta wa mshipa unaota utando wake juu ya ule wavu, unaufunika. Kuinua mkono, kukohoa, kubeba mtoto, hakuna kinachoivuta. Mishipa hii iko juu ya moyo wenyewe ambao unapiga mara laki moja kwa siku. Kama ingekuwa ya kuchomoka kwa kutikiswa, moyo ungeichomoa kabla ya mkono wako.

Kinachotishia stenti, hasa miezi ya mwanzo, ni damu kuganda ndani yake. Ndiyo maana umepewa aspirini na klopidogreli au dawa ya kundi lake. Mgonjwa anayeogopa ndoo lakini anaruka vidonge kwa sababu vimeisha na hela haijapatikana, huyo ndiye anayeninyima usingizi. Usiache hata siku moja bila daktari wa moyo kusema.

Kuhusu mikungu: kazi nzito si sawa na mazoezi. Mazoezi yana ngazi. Unaanza na kilo unayoiweza mara kumi na tano, ukiizoea unapanda kidogo. Mkungu hauna ngazi. Unakuja kilo 30 saa kumi alfajiri, mwili baridi, unaukamata kwa nguvu, unabana pumzi, unaurusha begani, tena bega lilelile kila siku. Moyo unapata mshtuko bila maandalizi. Sasa ukifanya mazoezi ya uzito kwa wiki kadhaa, mkungu uleule unakuwa sehemu ndogo zaidi ya nguvu zako, na mapigo na presha havipandi kama awali kwa mzigo uleule. Kwa hiyo misuli yako inaupunguzia moyo kazi. Hapo ndipo faida ilipo.

Na la mwanamke umesema kweli, inaniuma. Wanawake tunawaambia watembee na wapunguze chumvi, kisha wanarudi nyumbani kubeba ndoo ya lita 20 ambayo ni kilo 20 kamili. Wao ndio wenye haja zaidi ya kufundishwa.

Nenda kliniki useme kwa maneno haya: "Kazi yangu ni kubeba. Naomba nipimwe na nielekezwe mazoezi ya uzito." Kwa aliyewekewa stenti bila matatizo, miongozo inaruhusu kuanza uzito mwepesi baada ya wiki mbili au tatu, akiwa ameshazoea mazoezi ya kutembea chini ya uangalizi. Aliyepata shambulio la moyo au upasuaji anasubiri kama wiki tano, na aliyepasuliwa mfupa wa kifua mikono yake inasubiri zaidi, wiki 8 hadi 12, mpaka mfupa uunge.

#4 Bakari_Kibokoni

Assalam alaykum. Miye niko Mombasa. Daktari aliniambia nisibebe zaidi ya kilo tano maisha yangu yote, na hiyo ni miaka minne sasa. Leo mwasema mambo mengine. Nimwamini nani?

#5 FizioMwenge

Waalaykum salaam, mzee wangu. Usiniamini mimi wa mtandaoni, mwamini daktari aliyekushika. Ila rudi umuulize tena, kwa sababu huenda kilichosemwa ni siku na kilichosikika ni maisha.

Kilo tano hutajwa kwa ajili ya kidonda cha mshipa uliotobolewa. Kama ni kinena, ukinyanyua kizito siku za mwanzo damu inaweza kuvuja chini ya ngozi, kwa hiyo wiki moja hivi unajizuia. Kama ni kifundo cha mkono, ni siku chache. Kidonda kikishafunga, sababu hiyo imeisha.

Ipo pia sababu nyingine ya kweli ambayo mimi siijui kutoka hapa: labda kuna mishipa mingine iliyoachwa bila kuzibuliwa, au valvu (mlango wa damu ndani ya moyo) imebana, au mshipa mkuu wa damu umetanuka. Kwa hiyo muulize hivi: "Ile kilo tano ilikuwa kwa sababu gani, na sababu hiyo bado ipo?"

#6 Bakari_Kibokoni

Swali zuri hilo. Nitalichukua kama lilivyo. Jazakallah kheri.

#7 Mwana_Nakuru

Mimi niko Kenya. Babangu alifanyiwa angioplasti, yaani kuzibuliwa mshipa kwa puto, Nairobi mwaka juzi. Akapona vizuri, akaamua ataenda jimu ya mtaa. Yule mwalimu wa pale ni kijana mzuri lakini hakuuliza hata swali moja la afya. Akamweka kwenye ile mashine ya kusukuma kwa miguu, akaongeza vyuma, akawa anampigia kelele "moja tena, moja tena!" Mzee akasukuma mpaka macho yakageuka mekundu, kisha akaanguka pembeni. Alizimia kama nusu dakika. Tulimpeleka hospitali, moyo haukuwa na jeraha jipya, Mungu ni mwema. Lakini tangu siku hiyo mama hataki kusikia neno uzito. Naomba mnieleze ni nini kilitokea, sababu mimi naona mambo mawili yanayopingana.

#8 FizioMwenge

Pole kwa mzee na pole zaidi kwa mama. Hayapingani. Kilichomwangusha ni pumzi.

Ukisukuma kitu kizito sana, mwili unataka kufunga koo na kujikamua, kama mtu aliyefunga choo. Presha ndani ya kifua inapanda ghafla, damu inayorudi kwenye moyo inapungua, na presha ya mishipa inaruka juu. Ukiachia, presha inaporomoka, ubongo unakosa damu kwa muda mfupi, kizunguzungu au kuzimia kunafuata. Anayetumia dawa za presha anaporomoka zaidi.

Mwaka 1985 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, waliweka sindano ya kipimo ndani ya mshipa wa mkono wa vijana wenye afya waliozoea vyuma, wakawasukumisha mashine hiyohiyo ya miguu mpaka waishiwe nguvu. Wastani wa kilele cha presha ulikuwa 320 kwa 250. Mmoja alivuka 480 kwa 350. Hao ni vijana wazima! Sasa muweke hapo mzee mwenye stenti.

Lakini soma vizuri ilikotoka hiyo namba: uzito mkubwa, mpaka kuishiwa, pumzi imebanwa. Toa hayo matatu na picha inabadilika. Uzito wa wastani, unaacha ungali unaweza mara mbili au tatu zaidi, pumzi inatoka unaposukuma na inaingia unaporudisha: hapo mapigo ya moyo kwa kawaida hayafiki hata yale ya kupanda kilima kwa haraka.

Mwambie baba ahesabu kwa sauti. Anayehesabu kwa sauti hawezi kubana pumzi. Na asikamate chuma kwa kukibana kama anayeogopa kuibiwa, ngumi ikibanwa sana nayo inapandisha presha. Ashike kwa utulivu.

#9 SeremalaKeko

Naomba niseme kitu ambacho sikukiandika mwanzo, na sasa naona nilipaswa.

Wiki ya kumi hivi, nilikuwa nimefika dumu zima la kilo tano kila mkono, nikajiona nimeshapona. Mteja alikuwa anasubiri kabati. Kulikuwa na ubao wa mninga, mbili kwa nane, futi kumi na mbili. Huo ni zaidi ya kilo 20 na ni mrefu. Kijana hakuwepo. Nikainama, nikabana pumzi, nikauvuta. Nilipousimamisha dunia ikazunguka, masikio yakaziba. Niliuachia ukaanguka, nikakaa chini palepale kwenye unga wa mbao. Sikupata maumivu ya kifua. Nilikaa robo saa nzima bila kusogea, nikiwaza watoto.

Nilimwambia dada wa fiziotherapia nikitegemea atanifukuza. Hakunifukuza. Alinifundisha kubeba ubao kwa hatua: kwanza kuinua ncha moja tu na kuishusha, mara kumi, huku nahesabu. Wiki mbili ncha moja tu. Kisha ubao mwepesi wa msonobari, ndipo mninga. Na siku hizi ubao ukizidi kipimo changu tunashika wawili. Mwana_Nakuru, mwambie mama nimemwelewa kabisa.

#10 KijanaMbagala

Samahani wakuu, nauliza kwa nia njema. Kama kutembea kunasaidia moyo na hakuna hatari, kwa nini mtu ajiingize kwenye uzito? Mimi namtunza babu, nataka njia salama zaidi.

#11 FizioMwenge

Swali halali kabisa, na madaktari wenyewe walilibishania miaka mingi.

Zamani mtu akipata shambulio la moyo alilazwa kitandani wiki sita, hata kulishwa analishwa. Mwaka 1952 madaktari Samuel Levine na Bernard Lown wa Boston wakathubutu kuwakalisha wagonjwa kwenye kiti badala ya kuwalaza, na ikawa kelele kubwa. Mwaka 1977 Andreas Grüntzig, pale Zürich, akapitisha puto kwenye mshipa wa moyo wa mtu aliye macho kwa mara ya kwanza. Stenti za kwanza ziliwekwa Ufaransa na Uswisi mwaka 1986. Matibabu yalikwenda mbio hivyo, lakini uzito ulibaki marufuku muda mrefu. Chama cha Moyo cha Marekani kilitoa tamko lake la kitaalamu kuhusu mazoezi ya ukinzani, yaani haya ya uzito, kwa wenye ugonjwa wa moyo mwaka 2000, kikalisahihisha 2007, na tena 2023.

Tamko la 2023 linasema watu wanaofanya mazoezi ya uzito wana hatari ya kufa iliyo pungufu kwa kama asilimia 15 ukilinganisha na wasiofanya kabisa, na faida kubwa inaonekana kwa dakika 30 hadi 60 tu kwa wiki. Kwa wiki nzima, saa moja! Ukichanganya na kutembea ni bora kuliko kimoja peke yake.

Sasa babu. Mtu mzima asiyetumia misuli anaipoteza kila mwaka, na akilala kitandani anaipoteza kwa kasi. Misuli ndiyo inayomeza sukari nyingi baada ya kula, na wagonjwa wetu wengi wa stenti wana kisukari pia. Misuli ya mapaja ndiyo inayomzuia asianguke chooni usiku. Kutembea kunalinda moyo na pumzi, lakini hakumrudishii nguvu ya kuinuka kwenye kigoda. Na usalama unaoutafuta: babu asiyeweza kuinuka mwenyewe hayuko salama.

Anza na kiti. Kiti kirefu kwanza, chenye mto juu. Akishindwa kuinuka bila mikono, atumie mikono. Akifikisha mara kumi bila taabu, ondoa mto.

#12 Dada_Reading

Habari kutoka Uingereza. Mume wangu aliwekewa stenti huku na akaitwa kwenye darasa la ukarabati wa moyo, mara mbili kwa wiki. Naeleza jinsi linavyokwenda, labda wa nyumbani mtapata cha kuiga.

Kuna muuguzi na fizio. Kabla ya chochote wanapima presha na mapigo na wanauliza, "Umemeza dawa? Umepata maumivu tangu siku ile? Una kidonge chako cha chini ya ulimi?" Ni kile cha kutuliza kifua kikibana. Asiyekuja nacho hafanyi. Kisha kupasha mwili dakika 15 nzima, mimi niliona ni nyingi lakini walieleza kwamba mishipa ya moyo inahitaji muda wa kutanuka. Halafu wanazunguka vituo: kimoja cha kutembea au baiskeli, kinachofuata cha uzito, kinachofuata tena cha kutembea. Mwisho dakika 10 za kushusha, na hakuna ruhusa kuondoka hapohapo, unakaa kwanza.

Kitu kilichotusaidia zaidi ni karatasi ya namba ukutani, kuanzia 6 hadi 20. Unaulizwa, "Uko namba ngapi?" Sita ni kukaa tu, ishirini ni mwisho wa uwezo. Kwenye uzito walitaka abaki 11 hadi 13, yaani nyepesi mpaka ngumu kiasi. Akisema 15 wanampunguzia.

#13 FizioMwenge

Asante dada. Hicho ni kipimo cha Gunnar Borg, Mswidi. Nakisisitiza kwa anayetumia bisoprololi, atenololi au kavediloli: dawa hizo zinashikilia mapigo chini, kwa hiyo saa ya mkononi itakudanganya. Mapigo 95 yanaweza kuwa ndio ukingo wako. Tegemea namba ya Borg na mazungumzo. Ukishindwa kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi katikati, umezidisha.

Kwa walio nyumbani bila darasa, maji ndiyo rafiki. Lita moja ni kilo moja, huna haja ya kununua dambeli. Ukifikisha mara 15 vizuri kwa siku mbili tofauti, ongeza nusu lita. Usiongeze uzito na idadi siku moja. Acha siku moja katikati ili misuli ipone.

#14 Mke_wa_Tabora

Shikamooni. Mume wangu ana stenti tatu baada ya shambulio kubwa. Kipimo cha eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) kilisema moyo unasukuma nje asilimia 30 tu ya damu yake kila unapopiga. Miguu inavimba jioni, usiku analalia mito miwili. Nimesoma huu uzi nikafurahi, nataka aanze kesho na dumu.

#15 FizioMwenge

Marahaba dada, na tafadhali asianze kesho.

Miguu kuvimba na kushindwa kulala chali ni dalili kwamba moyo umezidiwa na maji sasa hivi. Hilo linatibiwa kwanza. Mpeleke kliniki wiki hii, usingoje tarehe ya kadi, na ukiona anashindwa kupumua akiwa amekaa mpeleke usiku huohuo. Mpime uzito kila asubuhi baada ya haja ndogo. Ukiona kilo mbili zimeongezeka ndani ya siku chache, hayo ni maji.

Akishatulia, watu wenye moyo dhaifu nao hufanya mazoezi ya uzito na husaidika sana, ila chini ya jicho la mtaalamu, uzito mdogo, mapumziko marefu. Namwambia kila mtu humu: maumivu ya kifua yanayokuja ukiwa umepumzika au yanayozidi siku hadi siku, mapigo yanayoruka hovyo, presha iliyo juu ya 180 kwa 110, homa, valvu iliyobana sana, hapo uzito unasubiri. Na katikati ya zoezi ukibanwa kifua, weka chini, kaa, weka kidonge chini ya ulimi kama daktari alivyokuelekeza. Kisipoachia ndani ya dakika chache, hospitali. Usiendeshe mwenyewe.

#16 Mke_wa_Tabora

Nimekuelewa mwanangu. Nimempigia shemeji, tunaondoka na basi la asubuhi. Asante sana kunizuia.

#17 Bakari_Kibokoni

Na misuli kuuma, je? Nilipojaribu kuvuta mpira siku mbili tu, mapaja na mabega yakauma wiki nzima. Mwenzangu asema ni zile dawa za lehemu.

#18 FizioMwenge

Yote mawili yanawezekana, mzee. Maumivu ya mazoezi yanakuja siku ya pili, yanakaa pale ulipofanyia kazi, yanaisha ndani ya siku tatu au nne. Ya statini, yaani hizo dawa za lehemu, mara nyingi ni ya pande zote mbili, mapaja, makalio, mabega, na hayafuati siku za mazoezi. Ukiona udhaifu wa kushindwa hata kupanda ngazi, au mkojo una rangi ya chai ya rangi, nenda hospitali siku hiyohiyo. Lakini dawa usiiache kimyakimya. Daktari anaweza kupunguza dozi au kubadilisha aina, zipo kadhaa.

Na michubuko: hizi dawa za kuzuia damu kuganda zinafanya alama nyeusi zitokee kwa kugusa tu. Tyubu isikae juu ya ngozi tupu, vaa shati la mikono.

#19 SeremalaKeko

Wakuu, nimerudi kwa jirani jana jioni. Nilimsomea namba 3 na namba 8 kwa sauti, mkewe akiwa amekaa hapo. Sikumwambia abebe chochote. Nilimwomba tu tutembee mpaka kwa muuza magazeti na kurudi, na mkewe akaja nasi. Njiani akaniambia amekuwa akiogopa hata kucheka kwa nguvu. Alhamisi tunakwenda wote kliniki, yeye na mimi, aulize mwenyewe.

Nimegundua pia kwamba sisi wa Dar tuna bahati ambayo hatuitumii. Wazee wetu walikuwa wanapelekwa India kuzibuliwa mshipa, leo kazi hiyo inafanyika Upanga, pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, unarudi nyumbani kwa bajaji. Mtu amepata matibabu ya aina hiyo halafu anapotea nyumbani kwa sababu hakuna aliyemwambia wiki ya pili afanye nini.

#20 MamaNdizi_Mabibo

Wapendwa, naleta taarifa. Nilikwenda kliniki Jumanne nikasema yale maneno kama nilivyoambiwa: kazi yangu ni kubeba. Daktari akaweka kalamu chini, akaniangalia. Akanipa karatasi ya kwenda fiziotherapia. Wamenipima, wamenitembeza kwenye mashine dakika sita, presha ikapanda vizuri ikashuka vizuri. Mikungu bado, wamesema angalau wiki nane, vijana wa soko wanibebee na mimi nipange biashara tu. Nimekubali.

Leo nimeanza nyumbani. Kiti kile cha plastiki hakifai, kinateleza, nimekiegemeza ukutani. Mjukuu ananihesabia. Nimekaa na kuinuka mara nane. Ya tisa nikajikuta nimebana pumzi, nikaacha.

#21 FizioMwenge

Mama, umeacha pale hasa panapotakiwa. Wiki hii namba yako ni nane. Mjukuu aendelee kuhesabu, ila na wewe uhesabu naye kwa sauti.